Barafu za Matunda Katika Vilima vya Buha: Uhakiki wa Fani na Maudhui

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Chakula hukumbukwa baadaye, na vile vitu vidogo vidogo ambavyo watoto hununua kwa sarafu moja mlangoni mwa shule havikumbukwi kabisa. Usahaulifu huu una hasara. Ngoma huchezwa siku ya sherehe, lakini barafu hulambwa kila siku ya masomo. Mtoto wa Kasulu au wa Kibondo hujifunza kwa kinywa chake, mapema kuliko anavyojifunza kwa kitabu, ni kitu gani jamii yake inakihesabu kuwa kitamu, ni kitu gani kinastahili kulipiwa fedha, na ni kitu gani kinaweza kuachwa kioze chini ya mti.

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki barafu za matunda zinazouzwa katika vilima vya Buha kama tunavyoihakiki kazi nyingine yoyote ya mikono na akili za watu, yaani kwa kuitazama fani yake na maudhui yake. Swali letu ni moja: je, barafu hii inasema jambo lolote juu ya nchi inamouzwa? Tunadiriki kusema tangu mwanzo kwamba fani yake imekwisha kufika Kasulu na Kibondo, na imepokewa vizuri. Maudhui yake bado yako njiani.

Majina na asili yake

Kwanza hatuna budi kuyatazama majina, kwa sababu jina la kitu hueleza njia kilimopitia. Neno "barafu" lina asili ya Kiajemi, nalo liliingia katika Kiswahili kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. "Malai", jina ambalo watu wa pwani huiita aiskrimu, limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako maana yake ni utando wa maziwa. "Aiskrimu" ni la Kiingereza. Katika kundi hili liko neno moja tulilolitengeneza sisi wenyewe, nalo ni "lambalamba", linalotokana na kitendo cha kulamba. Wageni walikitaja kitu kwa ubaridi wake au kwa maziwa yake. Mswahili alikitaja kwa kile ambacho mlaji anakifanya.

Vilima vya Buha vilikuwa na barafu yake kabla ya majina hayo yote. Ilikuwa ni mvua ya mawe. Nchi hii imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Tanganyika lililo chini yake liko kwenye mita 770 hivi, na tofauti hiyo huleta mawingu mazito, asubuhi zenye ukungu, na mara nyingine mawe ya barafu yanayoanguka kwa kishindo. Mkulima wa migomba na maharagwe hakuwa na sababu ya kuipenda. Ilichana majani ya migomba, ikalaza maharagwe, kisha ikayeyuka bila kumwachia mtu faida yoyote. Kwa hiyo kitu ambacho leo mtoto anakishika mkononi akicheka kilikuwa kwa babu yake dalili ya msiba. Kuigeuza barafu kuwa kitu cha furaha ni badiliko kubwa, na badiliko hilo lilisubiri umeme.

Barafu za mahali mahali

Katika nchi zenye mazoea ya zamani ya barafu, kila mahali huitia barafu yake tunda lake. Watu wa Sisilia, kusini mwa Italia, walikuwa wakishusha theluji ya mlima Etna na kuichanganya na maji ya ndimu. Wameksiko hugandisha maembe, mananasi na pilipili katika vijiti vyao viitwavyo paleta. Wahindi huichemsha maziwa hadi yapungue, wakayatia hiliki, kisha wakayagandisha katika vikopo vyembamba. Hiyo ndiyo kulfi. Mtu akiila barafu ya mahali hapo, anaweza kukisia yuko wapi.

Hapa kwetu pwani imetangulia. Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina barafu ya ubuyu, ya ukwaju, ya embe na ya nazi. Barafu ya ukwaju hutengenezwa kwa kuroweka ukwaju, kuukamua, kuuchuja na kuutia sukari. Uchachu wake huamsha ulimi hata katika joto la mchana. Barafu ya ubuyu huchemshwa, ikatiwa sukari na mara nyingi hiliki au vanila, pamoja na rangi nyekundu. Zote mbili hutiwa katika mifuko myembamba ya plastiki, ikafungwa fundo, ikagandishwa. Mtoto huing'ata ncha ya mfuko na kuifyonza.

Inafaa tukumbuke jambo ambalo watu wa pwani wenyewe hulisahau. Sehemu kubwa ya ubuyu unaopendwa huko hutoka bara, katika nchi kavu za mibuyu kama vile Dodoma na Iringa. Pwani iliupokea unga mweupe wa bara, ikautia hiliki, sukari na rangi, ikaufanya kuwa wake hata ukaitwa ubuyu wa Zanzibar. Hatusemi haya kwa kuilaumu pwani. Tunasema ili ionekane kwamba kitu huwa cha mahali fulani kwa kazi ambayo watu wa mahali hapo wamekifanyia. Kukizalisha tu hakutoshi, na kukinunua tu hakutoshi pia.

Barafu inapanda vilima

Buha ya zamani, pamoja na tawala zake za Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, haikuwa nchi iliyojitenga na pwani kama wengine wanavyodhani. Njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, na miembe ilipandwa katika vituo vyake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati wa ukoloni serikali iliifanya Buha kuwa ghala la nguvukazi: vijana wa Kiha walisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kukata mkonge huko Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Waliporudi walileta nguo, fedha kidogo, Kiswahili, na habari za vyakula vya pwani. Kwa hiyo ukwaju na ubuyu vilijulikana kwa masimulizi kabla ya kuonekana sokoni.

Barafu yenyewe isingeweza kusafiri kwa masimulizi. Inahitaji ubaridi wa mashine, na ubaridi wa mashine ulikuwa adimu. Katika vituo vingi vya afya vya vijijini nchini, jokofu la kwanza lilikuwa la chanjo, nalo liliendeshwa kwa mafuta ya taa. Mpango wa taifa wa chanjo ulioanza mwaka 1975 ndio ulioyapeleka majokofu hayo mbali. Hakuna mganga ambaye angekubali juisi igandishwe pembeni ya chanjo ya surua. Baadaye miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, umeme ghali na wenye kukatika, na kwa miaka mingi mwenye jokofu alifanya kazi kwa kubahatisha. Mwaka 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulifika katika vilima hivi. Tangu hapo mama mwenye friza moja nyumbani anaweza kugandisha usiku na kuuza mchana, hata kama umeme bado una siku zake za kukatika.

Hii ni habari njema, na haifai kuipokea kwa dharau. Biashara ya barafu huhitaji mtaji mdogo. Huwaingizia fedha wanawake ambao hawana shamba la kahawa wala duka. Msimu wake mkubwa ni ule wa vumbi na jua kali kabla ya mvua za vuli, wakati ambapo watoto hutoka darasani koo zikiwa zimekauka. Wanaosema kwamba vilima vya Buha ni baridi mno kwa barafu hawajasimama katika uwanja wa shule ya Kasulu saa sita mchana mwezi wa Septemba.

Fani

Tuitazame sasa fani. Barafu ya mfuko ina umbo la kufaa. Haihitaji kikombe wala kijiko wala kijiti. Hubebwa katika ndoo au chombo cha kutunza baridi, na mtoto huweza kuila akitembea. Hudumu mkononi kwa muda wa mapumziko ya shule, kwa kuwa huyeyuka polepole kwenye ncha inayofyonzwa tu. Pia hugawanyika: mmoja hufyonza, akampa mwenzake. Watoto wana kanuni zao kali kuhusu jambo hilo, na aliyefyonza zaidi ya zamu yake hushtakiwa papo hapo. Kwa uchumi wa mkono mtupu, fani hii haina mshindani.

Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni mfuko wenyewe. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia Juni 1, 2019, lakini vijifuko vya barafu vimeendelea kuonekana katika mitaro na viwanja vya shule. Shule inayofundisha usafi asubuhi na kuvikanyaga vijifuko mchana inajipinga yenyewe.

Kasoro ya pili iko ndani, nayo inahusu jinsi maji yanavyoganda. Maji yenye sukari huganda kwenye baridi kali kuliko maji matupu. Yakiganda polepole, kama yanavyoganda katika friza ya nyumbani, maji matupu hutangulia kuwa barafu, na sukari pamoja na rangi husukumwa pembeni. Mtoto anapofyonza, hupata utamu wote mwanzoni. Baada ya dakika chache hubakiwa na kipande cheupe kisicho na ladha, ambacho hukitafuna kwa uvumilivu au hukitupa. Kila aliyewahi kuwa mwanafunzi anakijua kipande hicho. Barafu iliyotengenezwa kwa maji, sukari na rangi peke yake haina budi kuishia hivyo. Barafu yenye nyama ya tunda huwa na nyuzinyuzi na utomvu unaoyashika maji na sukari pamoja, hata ladha ikafika mwisho wa mfuko. Kwa hiyo hapa fani na maudhui havitengani: anayepunguza tunda huiharibu pia barafu.

Maudhui

Ni tunda gani basi lililomo? Tunamwalika mwalimu yeyote afanye utafiti mdogo. Asimame mlangoni mwa shule saa ya mapumziko, awaulize wauzaji, na aandike majibu yao. Aghalabu atasikia ubuyu, ukwaju, na "stroberi" au "chungwa" za unga wa pakiti. Vilima vya Buha si nchi ya mibuyu; mvua zake ni nyingi mno kwa mti huo. Stroberi ya pakiti haikupata kuwa tunda mahali popote. Wakati huo huo, mita chache kutoka hapo, embe zimeanguka na nzi wanazizunguka, ndizi zimeiva kupita kiasi, na mapapai yanapewa kuku.

Hatudai kwamba ubuyu ufukuzwe. Tukianza kufukuza vitu kwa asili yake, embe litakuwa la kwanza kuondoka, kwa kuwa lililetwa kutoka Asia, na nanasi litalifuata, kwa kuwa asili yake ni Amerika ya Kusini. Hata mgomba, ambao ni mama wa Buha, una nasaba ya Asia. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisisitiza kufufua yaliyo mema katika mila zetu, na pia alionya dhidi ya kukataa kujifunza kwa wengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatizo letu ni kwamba mgeni amekuja na mwenyeji hakupona: kaachwa nje na embe zake.

Kuna kasumba hapa, na ni vyema tuitaje. Mnunuzi hudhani kwamba kitu cha pakiti ni cha mjini, na cha mjini ni bora. Embe la nyuma ya nyumba ni la bure, kwa hiyo halina heshima. Mtoto husikia hukumu hiyo bila kuelezwa. Akila rangi nyekundu na kuliacha embe, ameshajifunza kuidharau nchi yake, na hakuna aliyekusudia kumfundisha hivyo.

Tutoe mifano ya yale yanayowezekana. Nanasi likisagwa na kutiwa tangawizi, ambayo hulimwa kwa wingi Buhigwe, wilaya iliyokuwa sehemu ya Kasulu hadi mwaka 2012, huleta barafu yenye ukali ambao ukwaju wenyewe ungeuonea wivu. Ndizi mbivu ikipondwa na kutiwa maji ya limau ili isiwe nyeusi, hugandika laini kama aiskrimu ya maziwa. Papai peke yake hupwaya, lakini likitiwa limau au pasheni huamka. Embe za kienyeji zenye nyuzi hazina budi kuchujwa, na kazi hiyo inatosha kwa mikono miwili na kitambaa safi. Kibondo inasifika kwa asali yake. Kijiko kimoja cha asali katika barafu ya limau ni jina tosha la mahali. Na misitu ya miombo ina matunda yake ya porini, kama makusu na mbula, ambayo watoto wanaochunga mbuzi huyajua kuliko walimu wao. Hatujui sababu ya kuyaacha hayo yote yakae nje ya friza.

Hoja za muuzaji

Muuzaji ana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa uhakiki usiojali mfuko wa mtendaji ni maneno matupu. Atasema kwamba unga wa pakiti hauozi, hupimika, na ladha yake leo ni ile ile ya kesho. Atasema kwamba asali ni ghali kuliko sukari. Atasema pia kwamba watoto huchagua kwa macho, na nyekundu huuzika kuliko kahawia ya ndizi. Hoja hizi ni za kweli.

Lakini hesabu yake haijakamilika. Msimu wa embe au wa nanasi unapofika kilele, tunda huwa rahisi kuliko pakiti, na mara nyingine halina bei kabisa. Nyama ya tunda inaweza kugandishwa wakati huo na kutumiwa baadaye katika friza ile ile. Nayo ladha ina nguvu ya kuuza: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto aliyefika mwisho wa mfuko bila kukutana na kile kipande cheupe atarudi kesho. Ama kuhusu asali, haihitajiki kila siku. Yatosha iwe barafu ya sikukuu.

Liko jambo moja ambalo halina mjadala, nalo ni maji. Kugandisha hakuui vijidudu vyote vya maradhi; vingine hungoja tu barafu iyeyuke mdomoni. Mkoa wa Kigoma unajua gharama ya maji machafu. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi kutoka Burundi waliokusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kikaua watu. Barafu ya tunda bora kabisa, ikiwa imetengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, ni barafu mbaya. Katika uhakiki wetu kasoro hii huifuta sifa nyingine yoyote.

Kazi ya shule

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, iliagiza shule iwe mahali pa kazi pamoja na kusoma. Watu wengi waliielewa kuwa ni jembe na shamba tu. Barafu hutupa mfano mwepesi zaidi. Mwalimu wa Fizikia anaweza kueleza kuganda kwa maji ya sukari kwa kutumia mfuko mmoja wa ubuyu. Mwalimu wa Biolojia ataeleza vijidudu na kuchemsha maji. Mwalimu wa Sayansi Kimu atasimamia kuchuja na kupima. Mwalimu wa Kiswahili atawaagiza wanafunzi waende kwa bibi zao wakaulize majina ya Kiha ya matunda ya porini, wayaandike pamoja na sifa zake, kwa kuwa majina hayo yanapotea upesi kuliko matunda yenyewe. Na mwalimu wa Jiografia ataifuata njia ya ubuyu kutoka Dodoma hadi Zanzibar na kurudi bara hadi Kibondo, ndani ya mfuko.

Kazi hiyo ifanywe pamoja na kina mama wauzaji, wala isifanywe dhidi yao. Wao ndio wenye ujuzi wa friza, wa bei na wa tabia za watoto. Shule inayowafukuza langoni kwa jina la usafi, kisha ikafungua kibanda chake cha vitu vya pakiti, haikusafisha chochote. Yafaa wakaribishwe darasani siku moja, waonyeshe kazi yao, na waonyeshwe yale ambayo sayansi inaweza kuwaongezea.

Tumesema kwamba mtu akiila barafu ya mahali fulani, angepaswa aweze kukisia yuko wapi. Kwa kipimo hicho barafu ya Kasulu na Kibondo bado haijafaulu, ingawa ina kila kitu inachokihitaji: umeme, mikono, wanunuzi, na matunda yanayodondoka. Siku ambayo mgeni aliyeshuka kwenye basi huko Kibondo atapewa barafu ya limau na asali, akauliza inapatikana wapi pengine, na muuzaji akamjibu kwamba inapatikana hapa, mjadala huu utakuwa umekwisha. Hadi hapo, ni wajibu wa wanafunzi kuendelea kumuuliza kila muuzaji, kwa adabu, "Mama, humu mna tunda gani?"